Hifadhi ya pamoja kwenye klasta ya mashine pepe: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya hujirudia kila mtu anapounganisha seva mbili, tatu au zaidi (klasta) kwenye mtambo mmoja wa hifadhi. Mifano mingi ni ya VMware ESXi, Hyper-V na Proxmox VE, programu zinazoendesha mashine pepe, yaani kompyuta za kiprogramu ndani ya seva. Kama uko kwenye dharura na diski imetoweka, ruka moja kwa moja hadi swali la 5, na usikubali ombi lolote la kuumbiza au kuanzisha diski upya hadi ulimalize.

## Mambo ya msingi

1. Hifadhi ya pamoja ni nini, na klasta inaihitaji ya nini?

Ni mahali pamoja ambapo seva zote za klasta husoma na kuandika diski za mashine pepe. Diski ya mashine haikai ndani ya seva inayoiendesha. Inakaa kwenye mtambo wa hifadhi, na seva huifikia kwa mtandao. Seva ikizimika ghafla, nyingine huziwasha mashine zilezile, kwa sababu faili zake hazikwenda popote. Kuhamisha mashine ikiwa inafanya kazi nako kunakuwa kwepesi: kinachosafiri ni yaliyomo kwenye RAM na hali ya prosesa, diski inabaki ilipo.

Siku hizi unaweza kuhamisha mashine hai hata bila hifadhi ya pamoja, mradi usubiri diski nzima inakiliwe. Lakini seva iliyokwisha kufa haiwezi kunakili chochote, na hapo ndipo hifadhi ya pamoja inapolipa gharama yake.

2. Nichague iSCSI, Fibre Channel, NFS au SMB?

Kuna makundi mawili. iSCSI na Fibre Channel hutoa diski mbichi: mtambo unakata kipande kinachoitwa LUN, unakikabidhi kwa seva, na seva ndiyo inayoweka mfumo wa faili juu yake. NFS na SMB hutoa folda: mfumo wa faili ni wa mtambo wenyewe.

Programu unayotumia inaweza kukuamulia. Hyper-V haiweki mashine zake kwenye NFS. Inataka LUN au SMB 3. ESXi inapokea LUN na NFS, haipokei SMB. Proxmox inapokea zote. Kama huna sababu ya kufanya vingine na programu yako inaruhusu, anza na NFS. Ni rahisi kuijenga na rahisi zaidi kuitengeneza, maana unaweza kuingia kwenye folda ukaziona faili kwa macho yako. Fibre Channel ina kadi na swichi zake. Kama hujazinunua tayari, iSCSI itakutosha.

3. Seva zangu mbili zinaiona LUN moja na zote zinaandika vizuri. Mbona naambiwa nitaharibu data?

Kwa sababu utaiharibu, na hutapata onyo. Mifumo ya faili ya kawaida kama ext4, XFS na NTFS huamini kwamba iko peke yake kwenye diski. Kila seva hubeba kwenye RAM yake nakala ya ramani ya nafasi zilizo wazi. Seva ya kwanza inaandika faili mahali palipo wazi. Ya pili haina habari, ramani yake bado inaonyesha pako wazi, inaandika juu yake. Ni kama makarani wawili wanaogawa viwanja vilevile, kila mmoja akitumia ramani aliyoinakili asubuhi. Saa kadhaa zinaweza kupita kila kitu kikionekana salama, kisha seva moja inawashwa upya, inasoma diski upya, na folda nzima hazipo.

iSCSI haina kosa hapo. Kazi yake ni kuifikisha diski. Nani aandike wapi si juu yake. Anayeamua ni mfumo uliotengenezwa kwa seva nyingi: VMFS kwenye ESXi, CSV kwenye Hyper-V, GFS2 au OCFS2 kwenye Linux, au LVM (mgawanyaji wa diski wa Linux) inayosimamiwa na klasta yenyewe kama Proxmox inavyofanya.

Kwa hiyo, diski isiyoonekana ni usumbufu tu, lakini diski inayoonekana kwa wote bila msimamizi ni maafa. Majibu mengi hapa chini yanarudi kwenye tofauti hiyo.

4. Nimewasha alama ya "shared" kwenye Proxmox, mbona seva ya pili haina faili?

Alama hiyo haifanyi hifadhi iwe ya pamoja. Ni wewe unaiambia klasta kwamba tayari ni ya pamoja, nayo inakuamini. Ukiiweka kwenye folda ya diski ya ndani, uhamisho wa mashine hautanakili diski, na mashine itashindwa kuwaka ikifika upande wa pili.

Jambo jingine linalowanasa wengi: LVM-thin (ile inayotoa nafasi kadiri inavyotumika) haiwezi kutumiwa na seva mbili kwa pamoja, hata ikiwa juu ya iSCSI. Tumia LVM ya kawaida. Bei yake ni kwamba kwa miaka mingi LVM hiyo haikuwa na snapshoti (picha ya diski ya wakati fulani). Proxmox VE 9 imezileta, ila zilianza kama kipengele cha majaribio.

## Diski haionekani

5. Seva haioni diski kabisa. Nianzie wapi?

Anzia chini upande juu, na usiruke ngazi. Kwenye Linux yenye iSCSI, tuseme mtambo uko 10.10.1.20:

`ping -I ens2f0 10.10.1.20`
`nc -zv 10.10.1.20 3260`
`iscsiadm -m discovery -t sendtargets -p 10.10.1.20`
`iscsiadm -m session`
`lsblk`

Amri inayokwama ndiyo inayokupa jibu. Ping ikigoma, shida ni kebo, VLAN au anwani. Ping ikipita na `nc` ikagoma, ni ukuta wa moto au huduma ya iSCSI haijawashwa kwenye mtambo. Poti za kukumbuka ni TCP 3260 kwa iSCSI, 2049 kwa NFS (toleo la 3 linahitaji pia 111) na 445 kwa SMB. Taja kadi ya mtandao kwenye ping, la sivyo pakiti zinaweza kupitia mtandao wa usimamizi na ukadanganyika kwamba mtandao wa hifadhi ni mzima.

Hali inayowachanganya wengi ni hii: `iscsiadm -m session` inaonyesha umeingia, lakini `lsblk` haina diski mpya. Seva imekaribishwa mlangoni, haijapewa chochote. Nenda kwenye mtambo wa hifadhi uhakikishe LUN imegawiwa kwa jina la IQN (jina la iSCSI) la seva hiyo hasa, kisha uiambie seva itafute upya: `iscsiadm -m session --rescan` kwenye Linux, `esxcli storage core adapter rescan --all` kwenye ESXi, `Update-HostStorageCache` kwenye PowerShell ya Windows.

Windows ina mtego wake. Diski ya pamoja mara nyingi huja ikiwa "Offline" kwa makusudi, kutokana na sera ya SAN (mtandao wa hifadhi). Hilo si tatizo. Tatizo ni pale inapokuuliza kama uianzishe diski ambayo seva nyingine tayari inaitumia. Jibu ni hapana, kila mara.

6. Seva moja inaiona diski, nyingine inaiona kisha inaipoteza kila baada ya sekunde chache. Mipangilio ni ileile.

Huenda ndiyo shida yenyewe: ni ileile mno. Fungua faili hili kwenye seva zote mbili:

`cat /etc/iscsi/initiatorname.iscsi`

Mstari unaoanza na `InitiatorName=iqn.` ukifanana herufi kwa herufi, seva ya pili ilinakiliwa kutoka kwa ya kwanza na imebeba jina lake. Kwa mtambo wa hifadhi, hawa si wageni wawili. Ni mgeni mmoja aliyerudi. Sheria ya iSCSI inamruhusu mtambo kufunga kikao cha zamani pale mteja yuleyule anapoingia upya. Basi seva A inaingia, B inaingia na kumtoa A, A anarudi na kumtoa B. Kwenye logi utaona kuunganishwa na kukatika kwa zamu, bila kosa lolote la mtandao.

Ondoa mashine zote kwenye seva ya pili, tengeneza jina jipya kwa amri ya `iscsi-iname`, liandike kwenye faili, washa upya huduma ya `iscsid`, kisha lisajili jina hilo kwenye mtambo. Na usiliache hilo jambo likae hadi kesho, kwa sababu hata kufuli za SCSI zinazotegemea utambulisho wa seva zinaweza kukosea ni nani ameshika nini.

7. CHAP inakataa neno la siri ambalo nina hakika ni sahihi.

CHAP ni uthibitisho wa neno la siri wakati wa kuingia kwenye iSCSI. Hesabu herufi. Windows inataka neno la siri la CHAP liwe na herufi 12 hadi 16. Fupi au refu zaidi ya hapo litagoma hata kama mtambo umelikubali. Kama umeweka uthibitisho wa pande mbili, maneno mawili yasifanane. Ukishindwa kabisa, zima CHAP kwa dakika chache kwenye mtandao uliotengwa. Ukiingia bila CHAP, ujue shida iko kwenye mipangilio yake.

8. NFS inaunganika lakini haiandiki, au inasema sina ruhusa.

Seva za mashine pepe huja kama root (mtumiaji mwenye haki zote), na NFS kwa kawaida humshusha root kuwa mtumiaji asiye na haki. Kwenye mtambo wa Linux, mstari wa `/etc/exports` uwe hivi:

`/hifadhi/vm 10.10.1.0/24(rw,sync,no_root_squash)`

Kisha `exportfs -ra`. Angalia vizuri kwamba hakuna nafasi kati ya anwani na mabano. Ukiweka nafasi hapo, maana inageuka: mtandao wako unapata haki za kawaida tu, na haki ulizoandika ndani ya mabano zinapewa kila mtu mwingine. Herufi moja tupu, nayo haionekani.

9. ESXi inakataa kuhamisha mashine na inaiona folda moja ya NFS kama datastoo mbili.

Seva moja imeunganishwa kwa anwani ya IP na nyingine kwa jina, au njia ya folda imeandikwa tofauti kidogo. ESXi hutambua datastoo (mahali inapoweka mashine) ya NFS kwa maandishi hayo hasa, kwa hiyo yasipofanana ni vitu viwili. Toa moja, uiunganishe upya kwa maandishi yaleyale.

Ukiwa hapo, hakikisha pia kwamba seva zote zinatumia toleo moja la NFS. Kuunganisha folda ileile kwa toleo la 3 kwenye seva moja na 4.1 kwenye nyingine ni hatari: njia zao za kufunga faili hazionani, na utakuwa umerudi kwenye swali la 3 kupitia mlango wa nyuma.

10. LUN inaonekana, ila datastoo ya VMFS iliyokuwa juu yake haipo.

Hutokea baada ya LUN kunakiliwa au kuhamishiwa mtambo mwingine. VMFS huandika ndani yake utambulisho wa diski iliyozaliwa nayo. Utambulisho ukibadilika, ESXi inaona ni nakala na inakataa kuipandisha yenyewe. Amri `esxcli storage vmfs snapshot list` itaionyesha.

Una chaguo mbili. Kama ya asili imekwisha kuondolewa kabisa, ipandishe kwa utambulisho wake wa zamani na mashine zitakuwa kama zilivyokuwa. Kama ya asili bado ipo, ipe nakala utambulisho mpya. Itabidi uzisajili mashine upya. Kinachotakiwa kuepukwa ni chaguo la tatu kwenye skrini hiyohiyo, la kuumbiza.

## Njia na mtandao

11. Naingia vizuri, diski naiona, lakini nikianza kuandika kila kitu kinaganda.

Ni dalili ya fremu kubwa (jumbo frames) zisizolingana, yaani ukubwa wa pakiti si mmoja njia nzima. Pakiti ndogo za kuingia na kutambuana zinapita. Za data, zenye baiti 9000, zinadondoshwa na kifaa kimoja njiani kilichobaki kwenye 1500. Jaribu kwa pakiti isiyoruhusiwa kukatwa vipande:

`ping -M do -s 8972 10.10.1.20` kwenye Linux
`ping -f -l 8972 10.10.1.20` kwenye Windows
`vmkping -d -s 8972 10.10.1.20` kwenye ESXi

Kwa nini 8972? Ni 9000 ukiondoa baiti 20 za kichwa cha IP na 8 za ICMP. Ukijaribu kwa 9000 itagoma hata mtandao ukiwa mzima, na utapoteza jioni ukitafuta kosa lisilokuwepo. Jaribu kutoka kila seva na kwa kila kadi, maana swichi pepe ndani ya seva nayo ina kipimo chake.

Maoni yangu: anza na 1500 kila mahali. Klasta ikishatulia, ukitaka, panda. Kwenye mtandao wa gigabiti 1 sioni kinachostahili usumbufu huo.

12. Nina kadi mbili za mtandao wa hifadhi. Niziunge kwa LACP au nitumie MPIO?

LACP huunga kebo kadhaa ziwe kama moja; MPIO huiacha kila kebo iwe njia yake. Kwa iSCSI, MPIO. LACP hupeleka mazungumzo mamoja ya TCP kwenye waya mmoja, kwa hiyo kikao kimoja cha iSCSI hakiongezeki kasi hata ukiunga kebo nne. MPIO hufungua kikao kwa kila njia na kuigawa kazi. Kwa NFS toleo la 3, LACP inafaa kama kinga ya kebo kukatika, usiitarajie kuongeza kasi ya seva moja.

Kila njia iwe na sabneti yake, mfano 10.10.1.0/24 na 10.10.2.0/24, tena ikiwezekana kila moja na swichi yake. Ukiweka kadi mbili za Linux kwenye sabneti moja, moja inaweza kujibu kwa niaba ya nyingine na trafiki yote ikatokea upande mmoja bila wewe kujua.

Bila programu ya njia nyingi, diski moja itaonekana kama `sdb` na `sdc`. Ni ileile; linganisha WWID (namba ya utambulisho wa diski). `multipath -ll` inapaswa kuonyesha diski moja yenye njia mbili zilizo hai, na kuanzia hapo utumie jina lililo chini ya `/dev/mapper`. Majina ya `sd` hubadilika seva ikiwashwa upya.

13. Nikichomoa kebo moja, mashine zote zinasimama kama dakika mbili ndipo zinaendelea.

Njia ya pili ipo na inafanya kazi. Inasubiri tu iambiwe kwamba ya kwanza imekufa. Kwenye Linux, `node.session.timeo.replacement_timeout` huja ikiwa 120, yaani sekunde 120 za kungoja kabla ya kukata tamaa. Ukiwa na njia nyingi, ishushe hadi 15 au hata 5:

`iscsiadm -m node -o update -n node.session.timeo.replacement_timeout -v 15`

Kubadilisha `iscsid.conf` peke yake hakutoshi, kwa sababu faili hilo husomwa kwa mitambo itakayogunduliwa baadaye. Iliyokwisha rekodiwa inabaki na namba ya zamani. Na kama una njia moja tu, usiishushe. Hapo ungojaji mrefu ndio unaozilinda mashine: ukiisha mapema, makosa yanafika ndani ya mashine pepe na ext4 yake inajifunga kuwa ya kusoma tu.

Kama kinachochelewa ni kurudi, yaani kebo imerudishwa na njia inachukua nusu dakika kuwa hai, tazama STP (itifaki inayozuia mizunguko ya mtandao) kwenye swichi. Poti huweza kukaa sekunde 30 ikisikiliza na kujifunza kabla ya kupitisha data. Poti zinazoelekea seva na mtambo ziwekwe kama za pembezoni.

## Kufuli, akidi na nani anamiliki

14. Jaribio la klasta ya Windows linafeli kwenye "Persistent Reservation".

Klasta ya Windows hutumia kufuli za SCSI-3 kuamua seva ipi inamiliki diski, na mtambo wako hauziungi mkono, au haujaziwasha. Angalia kwenye mipangilio ya LUN, kisha toleo la programu ya ndani ya mtambo. Baadhi ya visanduku vya bei nafuu havina kabisa, na hapo hakuna ujanja: tumia SMB 3 au badilisha mtambo. `Test-Cluster` ni ya kuendeshwa kabla ya kuanza kazi. Majaribio ya hifadhi huziondoa diski hewani, usiyaguse mchana klasta ikiwa na watu.

15. CSV inaonyesha "Redirected" na kila kitu kimekuwa kizito.

Seva hiyo haiandiki moja kwa moja kwenye diski. Inapitisha data kwa seva mratibu kupitia mtandao wa klasta. Endesha `Get-ClusterSharedVolumeState`, nayo itakutajia sababu. Mara nyingi seva imepoteza njia zake za iSCSI na mashine zinaendelea kuishi kwa msaada wa jirani. Rudi kwenye swali la 5. Kama umeumbiza CSV kwa ReFS juu ya SAN, hali hiyo ni ya kudumu kwa jinsi ilivyotengenezwa. Tumia NTFS.

16. Nina seva mbili. Moja ikizimika, nyingine nayo inaacha kufanya kazi.

Imekosa akidi (quorum), yaani wingi wa kura za klasta. Kura ni mbili, wingi wa kura mbili ni mbili, na iliyobaki ina moja. Haijui kama mwenzake amekufa au ni kebo tu iliyokatika, kwa hiyo inachagua kukaa kimya kuliko kuandika diski ambayo huenda mwenzake bado anaiandika. Inaudhi, lakini ndiyo busara ya swali la 3 ikifanya kazi.

Dawa ni shahidi wa tatu: kwenye Windows ni diski ndogo ya pamoja, folda ya mtandao, au wingu kuanzia Windows Server 2016, kwenye Proxmox ni QDevice kwenye kompyuta yoyote iliyo nje ya klasta. Nasisitiza nje. Shahidi aliye mashine pepe ndani ya klasta ileile hufa pamoja na anayemshuhudia.

Kwenye Proxmox, akidi ikikosekana `/etc/pve` inakuwa ya kusoma tu. `pvecm expected 1` inaifungua, na ni amri halali pale tu unapojua kwa hakika kwamba seva nyingine imezimwa. Kwa hakika maana yake umeona taa zake zimezimika au umeizima kwa IPMI (udhibiti wa seva kwa mbali). Kutojibu ping si uthibitisho.

17. Mashine haiwaki, inasema faili limefungwa.

Kuna seva nyingine inaishikilia, au inadhaniwa kuishikilia. Tafuta mwenye kufuli kwanza. Kwenye VMFS, `vmkfstools -D` ukiipa jina la faili la diski itaonyesha anwani ya MAC ya seva iliyolishika. Nenda kwenye seva hiyo uone kama mashine inaendelea kukimbia huko. Mara kwa mara utaikuta hai, ila usimamizi umepoteza mawasiliano nayo. Usifute faili za `.lck` kwa mkono ili tu iwake.

Kwenye Proxmox, `qm unlock` ni jambo jingine: inaondoa alama iliyoachwa kwenye mipangilio na nakala rudufu au uhamisho uliokatika. Hakikisha kazi hiyo imeisha kweli kabla ya kuitumia.

## Kasi na nafasi

18. Hifadhi ni ya polepole. Nipime nini?

Pima ucheleweshaji kabla ya megabaiti. Gigabiti 1 ni MB 125 kwa sekunde kwa nadharia, kama 110 kwa vitendo, na mashine zote zinagawana hizo. Lakini mashine nyingi husoma na kuandika vipande vidogo vilivyotawanyika, ambavyo haviujazi waya; vinangoja diski. Kwenye Linux tumia `iostat -x` na utazame safu za `await`. Kwenye ESXi, `esxtop`: DAVG ni muda wa mtambo na njia, KAVG ni muda ndani ya ESXi yenyewe. DAVG ikikaa juu ya milisekunde 20 hadi 25, tazama mtambo na mtandao. KAVG ikizidi 2, foleni iko kwenye seva yako.

NFS juu ya ZFS (mfumo wa faili wa mtambo) ina kisa chake. ESXi hudai kila uandishi uthibitishwe kuwa umefika diskini, na mtambo wenye diski za kuzunguka bila SSD ya logi utatambaa. Utashauriwa kuweka `sync=disabled`. Kasi itapanda kweli, na umeme ukikatika utapoteza sekunde za mwisho ambazo mashine ziliambiwa zimehifadhiwa. Kwa maabara, sawa. Kwa hifadhidata, nunua SSD yenye kinga ya kukatika umeme.

19. Mashine zimesimama zote kwa pamoja, na mtambo unasema nafasi imejaa. Nimefuta faili ndani ya mashine, haijasaidia.

Umegawa nafasi zaidi ya uliyonayo, na deni limeiva. Kufuta ndani ya mashine hakurudishi nafasi hadi mashine iseme bloku zipi imeziacha: `fstrim -av` ndani ya Linux, na diski pepe iwe imewashwa chaguo la discard. VMFS6 hurudisha nafasi kwenye mtambo yenyewe, taratibu. Lakini hayo ni ya baadaye. Sasa hivi tafuta nafasi kwenye mtambo: futa snapshoti za zamani au panua bwawa la diski. Hyper-V itaonyesha mashine kuwa "Paused-Critical". Ziache hivyo hivyo, zitaendelea zilipoishia. Kuziwasha upya kwa nguvu kunapoteza kilichokuwa RAM bila faida yoyote.

20. Nimepanua LUN, seva bado inaona ukubwa wa zamani.

Panda ngazi kwa ngazi, kwenye seva zote: tafuta upya kikao cha iSCSI, kisha `multipathd resize map` kwa jina la diski. Ngazi ya mwisho, `pvresize`, fanya kwenye seva moja tu.

## Visa vya pembeni

21. Umeme ulikatika, ukarudi. Seva zimewaka lakini hifadhi haijapanda.

Seva ziliwaka haraka kuliko mtambo. Mpangilio ni swichi, mtambo wa hifadhi, subiri uwe tayari kabisa, kisha seva. Kwenye `/etc/fstab` weka `_netdev` ili Linux isubiri mtandao.

Kagua pia kama mtambo umetajwa kwa jina wakati DNS yako ni mashine pepe iliyomo ndani ya mtambo huohuo. Hifadhi inasubiri DNS, DNS inasubiri hifadhi, na hakuna atakayeanza. Tumia anwani za IP kwa hifadhi, au andika majina kwenye `/etc/hosts` ya kila seva.

22. Seva yangu ya Linux inaonyesha LVM ambazo ni za ndani ya mashine pepe.

Seva inapochungulia LUN hukuta alama za LVM za mashine na kudhani ni zake, kisha huziamsha. Mtu akizipandisha, ni swali la 3 tena. Weka `global_filter` kwenye `/etc/lvm/lvm.conf` ili seva itazame diski zake tu, na ukiikuta Proxmox imekwisha weka kichujio chake, kiongezee, usikifute.

23. Ninaondoaje LUN ya zamani bila kuangusha klasta?

Kosa la kawaida ni kwenda kwenye mtambo na kuifuta LUN kwanza. ESXi haijui kama imeondolewa makusudi au njia zimekatika, inaendelea kuitafuta kwa sekunde 140 kwa kawaida, na katika muda huo seva inaweza kuonekana imeganda, pamoja na mashine zisizohusika kabisa na LUN hiyo.

Anza juu ushuke. Hamisha mashine zote, pamoja na faili za ISO zilizosahaulika kwenye CD pepe na logi zinazoandikwa humo. Shusha datastoo kwenye kila seva. Tenganisha diski kwenye kila seva. Kwenye Linux, futa ramani kwa `multipath -f` kisha kila njia yake. Hakikisha hakuna seva hata moja iliyobaki nayo. Ndipo uende kwenye mtambo, uiondoe kwenye mgao, na uiache bila kuifuta kwa siku kadhaa, endapo kuna mashine iliyosahaulika itakayopiga kelele.